Funny (neno la Kiingereza)

Funny (matamshi yake yanakaribia neno la Kiswahili "fani") ni kivumishi cha lugha ya Kiingereza chenye maana kuu mbili zisizofanana: ya kwanza ni "-a kuchekesha", ya pili ni "-a ajabu" au "isiyo ya kawaida". Kwa kuwa neno ni moja, wenye lugha yao hulazimika mara nyingi kuulizana wanakusudia ipi. Kwa ajili hiyo wana misemo miwili ya kila siku: funny ha-ha, yaani ya kuchekesha, na funny peculiar, yaani ya ajabu. Huko Marekani husikika pia funny strange na funny weird kwa maana hiyo ya pili.

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki neno hili ni mtego. Hulijua kwanza kwa maana ya kuchekesha tu, na ile maana nyingine humkuta akiwa tayari kwenye chumba cha mtihani, mbele ya muuguzi au mahakamani. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha anapoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Maneno mafupi ya kila siku kama hili ndiyo yanayomsumbua kuliko istilahi ndefu za sayansi, maana istilahi hufundishwa darasani, lakini neno kama funny kila mwalimu hudhani limekwisha kueleweka.

Asili

Funny limetokana na nomino fun. Mwishoni mwa karne ya 17 fun lilikuwa neno la mitaani lenye maana ya hila au kumlaghai mtu. Katika karne ya 18 lilihamia kwenye maana ya mchezo na furaha, na kivumishi funny kikaanza kuandikwa katikati ya karne hiyo kwa maana ya kuchekesha. Maana ya ajabu ilifuata mwanzoni mwa karne ya 19.

Ile harufu ya zamani ya udanganyifu haijatoweka kabisa. Kuna maana ya tatu ya neno hili, "-a kutia shaka". Funny business ni hila au mambo ya kificho. Funny money ni pesa bandia, au pesa ambazo asili yake haieleweki. Mkaguzi akiandika kwamba kuna kitu funny katika hesabu za chama cha ushirika, mweka hazina hana sababu ya kutabasamu.

Kuna na maana ya nne, ya mwili. I feel funny maana yake ni "sijisikii vizuri", hasa pale ambapo mgonjwa hawezi kueleza kwa usahihi anachohisi: kizunguzungu, kichefuchefu, ganzi, au mwili tu kutokuwa sawa. Funny bone ni ile sehemu ya kiwiko ambayo ikigongwa mkono mzima hupata kitu kama shoti ya umeme. Kinachogongwa pale si mfupa bali mshipa wa fahamu unaopita karibu sana na ngozi. Wengine hudhani jina hilo ni mchezo wa maneno, kwa kuwa mfupa wa mkono wa juu kwa Kilatini huitwa humerus, na neno hilo linasikika kama humorous, yaani -cheshi.

Msemo wenyewe

Msemo wa kutofautisha funny mbili huhusishwa mara nyingi na tamthilia ya Housemaster ya mwaka 1936, iliyoandikwa na Ian Hay. Hilo lilikuwa jina lake la uandishi. Jina lake halisi lilikuwa John Hay Beith (1876–1952), Mskoti aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya Fettes mjini Edinburgh kabla ya kuishi kwa kalamu. Tamthilia hiyo inahusu maisha ya shule ya bweni. Si ajabu basi kwamba swali la "funny ipi?" limepata umaarufu kutoka mazingira ya shule, kwa sababu mwalimu akiambiwa na mwanafunzi kwamba jambo fulani ni funny, kabla ya kujibu sharti ajue kama anaitwa kucheka au anaitwa kuchunguza.

Katika mazungumzo ya kawaida msemo hutumika kwa kifupi. Mmoja anasema kwamba jirani yao mpya ni funny. Mwenzake anauliza: funny ha-ha au funny peculiar? Jibu la kwanza lina maana kwamba jirani ni mcheshi na anafaa kualikwa nyumbani. Jibu la pili lina maana kwamba afadhali kwanza wamchunguze.

Jinsi ya kutambua maana

Hakuna kanuni isiyo na upungufu, lakini kuna dalili zinazosaidia sana. Neno funny likifuata vitenzi vya hisi, yaani kunusa, kuonja, kuhisi na kusikika, karibu kila mara maana ni ya ajabu au mbaya. The milk smells funny si "maziwa yana harufu ya kuchekesha", kama inavyoandikwa katika madaftari mengi, bali "maziwa yana harufu isiyo ya kawaida", na kwa Kiswahili cha nyumbani ni "maziwa haya yameanza kuharibika". The engine sounds funny ni onyo kwa dereva. Kitenzi cha kuonekana ndicho kinachobaki na utata: he looks funny inaweza kusemwa juu ya mtu aliyevaa kofia ya kuchekesha, na pia juu ya mtu ambaye uso wake umebadilika rangi na anakaribia kuanguka.

Sentensi ikianza na it's funny how, it's funny that au the funny thing is, tafsiri nzuri ni "ajabu ni kwamba" au "cha kushangaza ni kwamba". Funnily enough ni hivyo hivyo. Mtu anayetafuta funguo zake na kusema that's funny hacheki, anasema "Ajabu! Si niliziacha hapa?" Kwa upande mwingine, funny ikiambatana na hadithi, filamu, katuni au utani, maana ni ya kuchekesha. Ikiambatana na mtu, a funny man, maana zote mbili zinawezekana, na hapo ndipo hata Mwingereza huuliza.

Liko pia very funny linalosemwa kwa uso mkavu. Maana yake ni kwamba jambo halikuchekesha hata kidogo na msemaji ameudhika. Kiswahili kina jambo hili pia: mtu akiambiwa "unanichekesha" katikati ya ugomvi, hajasifiwa ucheshi, bali ameambiwa kwamba anasema upuuzi.

Maneno jirani ya Kiingereza

Peculiar, neno linalotumika kuonyesha upande wa ajabu, lina historia ambayo mkazi wa Ugogo ataielewa haraka kuliko mkazi wa London. Linatokana na Kilatini peculium, mali binafsi ya mtu, na hilo linatokana na neno la mifugo, pecus. Katika Roma ya kale, kama ilivyokuwa kwa Wagogo na majirani zao wafugaji wa nyanda za kati, mali ilihesabika kwa mifugo. Kitu peculiar kilikuwa kile kilicho mali ya mtu fulani peke yake. Kisha kikawa kitu chenye sifa ya pekee. Mwishowe kikawa kitu kisicho kama vingine, yaani cha ajabu.

Strange limetoka kwa Kilatini extraneus, "wa nje", kwa njia ya Kifaransa cha kale. Njia hiyo hiyo Kiswahili kimeipita kwa mzizi wake chenyewe: mgeni ni mtu wa kutoka nje, na "jambo geni" ni jambo lisilozoeleka. Tofauti ni kwamba stranger ya Kiingereza ina baridi ndani yake, ilhali mgeni wa Kiswahili anastahili kiti na maji ya kunywa. Odd lilimaanisha ncha na namba iliyobaki bila mwenzake, ndiyo maana hadi leo namba witiri huitwa odd. Weird lilikuwa neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya majaliwa, na lilibaki hai kwa sababu ya wachawi watatu katika Macbeth ya Shakespeare, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Queer katika riwaya za zamani zilizosomwa shuleni lilikuwa na maana ya ajabu tu. Siku hizi linahusu zaidi utambulisho wa kijinsia, hivyo mwanafunzi anaweza kulisoma kwa maana ya zamani lakini asiliandike kwa maana hiyo.

Upande wa kicheko kuna humour, lililotokana na Kilatini humor, umajimaji. Tiba ya Wagiriki, tangu Hippocrates hadi Galen, ilifundisha kwamba tabia ya mtu hutegemea uwiano wa vimiminika vinne mwilini: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Elimu hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya Waarabu, na mabaki yake yamo katika Kiswahili: balghamu ni neno la Kigiriki lililopita kwenye Kiarabu, na safura asili yake ni jina la nyongo ya njano. Kwa Wazungu neno la vimiminika liligeuka likawa neno la hali ya moyo, kisha la ucheshi. Kwetu lilibaki katika magonjwa.

Katika lugha nyingine

Kiingereza hakiko peke yake. Drôle ya Kifaransa ni ya kuchekesha na pia ya ajabu. Wafaransa walipoita miezi ya kwanza ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia Septemba 1939 hadi Mei 1940, drôle de guerre, walikuwa na maana ya vita vya ajabu, ambamo majeshi yalitazamana bila mapambano makubwa. Komisch ya Kijerumani ni hivyo hivyo. Inaonekana binadamu hucheka na kushangaa kutokana na chanzo kimoja: jambo limekwenda kinyume na alivyolitazamia. Likiwa halina hatari, hucheka. Akiwa hana hakika, hushangaa.

Katika Kiswahili

Kiswahili kina maneno mengi ya pande hizi mbili, na kwa kiasi kikubwa kimezitenga. Upande wa kicheko umesimama juu ya mzizi wa Kibantu: cheka, chekesha, kicheko, kichekesho, mcheshi, ucheshi. Mzizi huu umeenea sana. Waganda na Wanyarwanda wana seka, Wakikuyu wana theka, Wazulu wana hleka. Kiarabu kimeongeza maneno ya mzaha, masihara na dhihaka. La mwisho katika Kiarabu linatokana na mzizi wa kucheka tu, lakini katika Kiswahili limekuwa kucheka kwa kumdharau mtu.

Upande wa ajabu umechukua zaidi kutoka Kiarabu: ajabu, maajabu, staajabu, shani, muujiza. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kubomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, lina mzizi huo huo katika jina lake. Ajabu ya Kiswahili inaweza kuwa nzuri au mbaya. Methali isemayo "ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni" inaonya kwamba bado makubwa zaidi yanakuja.

Katikati kuna maneno yanayofanya kazi karibu sawa na funny. La kwanza ni kituko. "Leo nimeona kituko sokoni" haielezi kama msikilizaji ajiandae kucheka au kuhuzunika. Inambidi asubiri hadithi. "Yule ni kituko" husemwa juu ya mtu ambaye mwenendo wake unashangaza na kuchekesha kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa kumlaumu kidogo. Na "kumfanyia mtu vituko" ni jambo jingine kabisa: ni kumchokoza na kumwudhi makusudi. Mke anayesema kwamba wifi yake anamfanyia vituko haelezi vichekesho.

La pili ni kioja, pamoja na ndugu yake kiroja. Kwa asili ni jambo la kushangaza, lakini mchezo wa televisheni wa Kenya uitwao Vioja Mahakamani, ulioanza miaka ya 1970, umelifanya wingi wa watu walihusishe na kicheko. Vivyo hivyo kitimbi, ambalo ni hila au njama, limezoeleka kuwa jina la uchekeshaji kwa sababu ya mchezo wa Vitimbi. Hii ni safari ile ile ya fun ya Kiingereza, kutoka hila hadi kicheko, imefanywa na neno jingine katika bara jingine. Nchini Tanzania wachekeshaji kama Amri Athumani, aliyejulikana kama King Majuto na kufariki mwezi Agosti 2018, waliitwa pia wasanii wa vituko na vichekesho kwa pamoja, na hakuna aliyeona tatizo.

Hata kichekesho, ambalo kwa sura yake halipaswi kuwa na utata, hugeuzwa kinyume. "Ni kichekesho barabara kubomoka kabla ya kuzinduliwa" ni lawama.

Mswahili anapotaka kuondoa utata kabisa haulizi swali kama la Mwingereza. Huonyesha kwa viungo vya mwili. Jambo la kuchekesha huvunja mbavu: "mbavu sina", "alituvunja mbavu". Jambo la ajabu humwacha mtu mdomo wazi, humpiga butwaa, humduwaza. Tena kuna vihisishi. "Makubwa!" husemwa kwa mambo ya kushangaza, na aliye karibu huitikia "madogo yana nafuu". Hakuna asemaye "makubwa" kwa hadithi ya Abunuwasi.

Zuzu

Mfano mzuri wa jinsi ugeni na kicheko vinavyokutana ni neno zuzu. Katika Kiswahili zuzu ni mtu mjinga asiyejua mambo, hasa yule aliyefika mahali papya na kila kitu kwake ni kigeni. Kuzuzuka ni kupumbazwa na kitu usichokizoea. Kumzuzua mtu ni kumfanya awe katika hali hiyo. Kwa hiyo zuzu yeye anaona maajabu, na wenyeji wanaomtazama wanaona kichekesho. Jambo ni lile lile moja, likitazamwa kutoka pande mbili.

Zuzu ni pia kata ya Jiji la Dodoma, inayofahamika na wasafiri wa Reli ya Kati na, siku hizi, kwa kituo kikubwa cha kupozea umeme. Wageni wanaosikia jina hili kwa mara ya kwanza hucheka, na wanafunzi wanaotoka huko wanapokwenda shule za bweni mikoa mingine hutaniwa kwa jina la kwao hadi wanalichoka. Lakini jina la mahali katika nchi ya Wagogo halifafanuliwi kwa kamusi ya Kiswahili cha pwani. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja, kama vile funny ya Kiingereza haihusiani na fani za ushairi. Mtoto wa Zuzu akiulizwa kama jina la kwao ni la kuchekesha au la ajabu, anaweza kujibu kwamba si hili wala lile: ni jina la kwao.

Utani

Tofauti ya kuchekesha na kushangaza si ya maneno tu. Katika Tanzania imewekwa ndani ya desturi ya utani, yaani uhusiano kati ya makabila, koo au jamaa fulani unaowaruhusu kusemana na kufanyiana mambo ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa matusi. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya mahusiano ya namna hii mwaka 1940, na R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka hiyo hiyo.

Msibani ndipo jambo hili linapoonekana vizuri. Mtani anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, au hata kuingia kaburini na kulala akidai kwamba nafasi ni yake. Mgeni asiyejua desturi anaona jambo la ajabu, hata la kutisha. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na kicheko hicho kina kazi yake katika kupunguza uzito wa siku ile. Kinachoamua kama kitendo ni cha kuchekesha au ni cha ajabu si kitendo chenyewe, bali ni nani amekitenda. Asiye mtani akifanya hivyo hivyo ameleta fujo msibani.

Kicheko kisichochekesha

Tanganyika ina tukio linalotajwa duniani kote katika mjadala huu. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, wanafunzi watatu wa shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hali ilienea hadi wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudi makwao hali ilijitokeza mahali pengine, ikiwemo Nshamba, ambako watu 217 walipatwa. Shule ilifunguliwa tena mwezi Mei na kufungwa tena mwezi Juni.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip waliandika taarifa ya kitabibu juu ya tukio hilo mwaka 1963. Kicheko kilikuja kwa vipindi, kikichanganyika na kulia, mahangaiko na wakati mwingine kukimbia. Kwa mgonjwa mmoja kiliweza kudumu kwa saa chache au kwa siku kadhaa. Vipimo havikuonyesha kiini cha kimwili, na hakuna aliyekufa. Maelezo yaliyokubalika ni ya kisaikolojia: msongo uliolipata kundi la vijana waliokuwa katika mabadiliko makubwa na ukatafuta njia ya kutokea.

Nje ya nchi tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama kituko cha kufurahisha, kana kwamba kijiji kilisikia utani mmoja na kucheka mwaka mzima. Huko ni kukosea upande. Mwanaisimu Christian Hempelmann alionyesha mwaka 2007 kwamba kicheko cha Kashasha hakikutokana na ucheshi wowote. Kilikuwa dalili ya dhiki, na kwa wasichana wale na wazazi wao hakukuwa na cha kuvunja mbavu.

Katika tafsiri

Mkanganyiko wa funny una gharama pale ambapo maneno ya mtu hubadilishwa lugha na kuandikwa kwa niaba yake. Hospitalini, mgonjwa anayesoma kijitabu cha Kiingereza kinachomwambia arudi haraka mkono wake ukianza kuwa funny anaonywa juu ya ganzi, ambayo inaweza kuwa dalili ya kiharusi. Akidhani anaelezwa jambo la kuchekesha atabaki nyumbani. Vivyo hivyo kwa chakula: onyo la kutokula karanga au mahindi yenye ladha funny ni onyo juu ya ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu yenyewe haionjeki, kwa hiyo ladha nzuri si kinga, lakini nafaka iliyobadilika ladha haifai kuliwa kwa vyovyote.

Mahakamani ugumu huwa upande wa pili, wa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kwa miaka mingi mashahidi walitoa ushahidi kwa Kiswahili huku kumbukumbu za mahakama za juu zikiandikwa kwa Kiingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama. Chukua sentensi moja ya shahidi: "Marehemu alikuwa anamfanyia vituko." Anayetafsiri anaweza kuandika kwamba marehemu alikuwa akimchekesha mshtakiwa, au kwamba mwenendo wake ulikuwa wa ajabu, au kwamba alikuwa akimchokoza. Tafsiri ya tatu pekee ndiyo inayogusa sheria, kwa sababu uchokozi unaweza kuligeuza kosa la mauaji kuwa kuua bila kukusudia, na adhabu zake hazilingani. Mkalimani makini hapo hatafsiri mara moja. Humwomba hakimu ruhusa amwulize shahidi ni vituko gani, na majibu ndiyo yanayoandikwa.